Mechi Mbili za Nyumbani

Ochanda alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya uwanja, akikaza kamba kwenye kigingi, aliposikia magurudumu ya kiti yakigonga mawe ya njia itokayo jikoni. Hakuinua kichwa. Mstari wa pembeni ulikuwa umebaki nusu, na chokaa ilipaswa kumwagwa kabla umande haujakauka, la sivyo upepo wa Nyansiongo ungeipeperusha yote hadi kwenye mahindi ya jirani.

Wapishi wawili walikisimamisha kiti hatua chache kutoka mstari wa kati, wakamfunika Aketch miguu kwa blanketi, wakarudi kwenye masufuria yao. Walifanya hivyo kila siku ya mechi bila kuombwa, kwa kuwa Aketch alikuwa mwenzao. Kwa miaka kumi na sita aliwapikia wanafunzi wa Chuo cha Ufundi cha Rianyanga, na kwa miaka hiyo yote, kila timu ya chuo ilipocheza nyumbani, aliacha mwiko, akafunga leso kiunoni, akaja kusimama pembeni na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nyumbani yeye na mumewe Ochanda walizungumza Kijaluo, lugha waliyokuja nayo kutoka upande wa ziwa. Uwanjani alitumia Kiswahili, kwa sababu alitaka kila mchezaji amwelewe. "Peleka mbele!" Kelele yake ilikuwa hiyo tu, timu ikishambulia au ikilemewa. Wanafunzi walimwita Mama Peleka, hata wale ambao hawakujua jina lake jingine.

Kiharusi kilimwangusha mwaka juzi kando ya sufuria la maharage. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na karibu maneno yote. Alibaki na "ndiyo", na "maji", na jina la mumewe, ambalo siku nyingine lilitoka na siku nyingine lilimkwama kooni mpaka machozi yakamtoka. Angeweza kukaa wiki nzima mlangoni pa nyumba yao ya wafanyakazi, akitazama wanafunzi wakipita, asiseme neno.

Lakini siku ya mechi kitu kilifunguka. Mara ya kwanza Ochanda alikuwa nyuma ya goli akifunga wavu uliochanika, na hakuamini masikio yake. "Peleka," mkewe alisema. Kisha, kwa sauti iliyofika upande wa pili: "Peleka mbele!" Uwanja mzima uligeuka. Jioni hiyo alimwita mumewe kwa jina, akaomba chai, akamuuliza habari za dada yake ambaye hakuwa amemtaja kwa miezi saba. Maneno yalikaa siku tatu, nne, halafu yakapungua tena, moja baada ya jingine, hadi mechi nyingine ya nyumbani.

Muuguzi wa zahanati alisema mambo kama hayo hutokea, kwamba mtu huamshwa na alichokizoea, na kwamba asimnyime mechi. Hakukuwa na haja ya kumwambia. Ochanda alikuwa mtunza uwanja kwa miaka ishirini na mmoja, na hakuwahi kukata nyasi kwa uangalifu kama alivyozikata tangu siku ile. Alifukia mashimo ya fuko kwa mkono. Alipima duara la kati mara mbili, akisimama na kamba yake katikati kama mtu asiyeiamini hesabu ya jana.

Jumamosi hiyo ya mwisho wa Mei, Rianyanga walishinda mabao mawili kwa moja, na Aketch alipiga kelele tangu dakika ya kumi. Ochanda alisimama nyuma ya kiti chake, mikono yake ikiwa bado na chokaa, akamsikiliza. Mpira wenyewe hakuutazama sana.

Ni baada ya filimbi ya mwisho ndipo Abdi alipomjia akiwa na karatasi. Abdi aliuza mitumba katika soko la Daraja Mbili, Kisii, na alikuwa na duka dogo pale Nyansiongo. Hakuwa amesoma chuoni hata siku moja, lakini ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki, na safari za ugenini ndiye aliyezipanga. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Ratiba kamili imetoka, mzee," alisema. "Mechi tisa. Nyumbani mbili."

Ochanda alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea. Ilikuwa mechi ya leo, na ya mwisho kabisa, katikati ya Agosti. Katikati yake zilijipanga saba za ugenini, moja chini ya nyingine. Aliisoma mara tatu. Kisha akamtazama mkewe, aliyekuwa akicheka na mmoja wa wapishi, akamrudishia Abdi karatasi.

Wiki hiyo hakukuwa na mazungumzo mengine sokoni wala kwenye bweni. Wengine walisema ni kisasi, kwa vile mwaka uliopita Rianyanga waliwatoa mashindanoni wakubwa wa mjini Kisii. Wengine walisema ni dharau tu, kwamba watu wa huku Borabu huonekana ni wa kulima na kukamua. Kulikuwa na vyuo vilivyopewa mechi sita nyumbani. Wanafunzi waliozoea kutembea dakika mbili kutoka bwenini hadi uwanjani sasa wangehitaji nauli ya kwenda Kisii, ya kwenda Birongo, ya kwenda kote huko, na wengi hawakuwa nayo. Abdi aliandika barua, watu mia mbili na kitu wakatia sahihi, na Jumanne wakaamua kuipeleka wenyewe.

Ochanda hakuwa mtu wa mikutano. Aliomba ruhusa, akavaa koti lake la kanisani, akapanda nyuma ya pikapu ya chuo pamoja na Abdi na Mwalimu Bosire, kocha wa timu. Njiani alikuwa na wazo moja tu, kwamba Aketch hangeweza kupelekwa huko kwenye mechi. Walikuwa wamempeleka hospitali Kisii mara moja tangu augue, na ile safari ya kutikiswa ilimlaza siku nne bila kufungua macho vizuri. Daktari alisema asisafirishwe ila kwa lazima.

Ofisi ya ligi ya vyuo, mjini Kisii, ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea. Katibu alikuwa mwanamke kijana aitwaye Purity, aliyeonekana hajalala vya kutosha. Aliwapa viti, yeye akabaki amesimama. Abdi alizungumza kwa dakika nyingi, kwa heshima mwanzoni, kisha kwa sauti iliyopanda. Purity alimsikiliza hadi mwisho, akafungua faili.

Alieleza kwamba ratiba ya kwanza iliwapa Rianyanga mechi nne nyumbani. Vyuo viwili vikalalamika kwamba barabara ya Rianyanga ni mbaya wakati wa mvua, kwamba mwaka jana basi lao lililala njiani, wakaomba wao ndio wawe wenyeji. Kamati iliwaandikia Rianyanga kuuliza kama wana pingamizi, ikasubiri wiki mbili. Hakuna aliyejibu.

Mwalimu Bosire alitazama sakafu. Ikajulikana baadaye kwamba barua ilifika, ikawekwa juu ya barua nyingine katika ofisi ya chuo, na hakuna aliyeifungua. Abdi, ambaye alikuja na hasira za kumwagia watu wa mjini, alikaa nazo mapajani hajui azipeleke wapi.

Walipokuwa wakiinuka, Purity alimwona mzee mwenye koti ambaye hakuwa amesema neno, akamuuliza kama na yeye ana la kuongeza.

Ochanda alizungusha kofia mkononi. "Mimi ninachora mistari tu, mama," alisema. "Lakini mke wangu ni mgonjwa. Akiona mechi hapo nyumbani, anaongea. Wiki kumi na moja ni nyingi kwake."

Purity alimwomba namba yake ya simu. Aliiandika pembeni mwa faili, akasema ratiba imeshapitishwa, lakini likitokea lolote atakumbuka.

Jumamosi iliyofuata timu iliondoka alfajiri kwenda ugenini, na chuo kikawa kimya. Ochanda aliamka saa ile ile. Alitoa kamba, vigingi, na kopo alilolitoboa matundu kwa msumari, akachora uwanja wote: pembeni, maboksi, duara. Akasimamisha vibendera vya kona. Saa nane akamvalisha Aketch, akamsukuma mwenyewe hadi mahali pake, akaketi kwenye nyasi kando yake.

Aketch aliutazama uwanja. Alitazama goli hili, kisha goli lile. Ng'ombe wa jirani alilia ng'ambo ya ua. Baada ya muda mrefu aligeuka kwa mumewe, akavuta pumzi kama mtu anayeinua mzigo.

"Wako wapi?" alisema.

Ochanda alimwambia wamesafiri, watarudi. Aketch aliinamisha kichwa, akakubali. Yalikuwa maneno mawili, na Ochanda aliyashika. Jumamosi ya pili akachora tena, wakakaa tena, naye akauliza tena. Jumamosi ya tatu hakuuliza. Abdi alikuwa akipiga simu kutoka ugenini na kuiacha wazi ili Mama Peleka asikie kelele, na Ochanda akamwekea simu sikioni, lakini sauti zilizotoka mle zilikuwa kama za watu waliofungiwa ndani ya debe. Aketch aliisukuma simu kwa mkono wake mzima.

Jumatatu mtu wa stoo alimwita. Hakuwa mkali. Alisema tu kwamba chokaa imetoka mara tatu na mechi haikuwepo, na kwamba akiulizwa hatakuwa na jibu. Ochanda alisema ameelewa. Baada ya hapo alikata nyasi, na hakuchora.

Julai ilikuja na baridi na ukungu wa asubuhi. Siku moja alikuwa akimlisha mkewe uji, kijiko kikafika mdomoni na mdomo haukufunguka. Alisubiri. Akaliita jina lake. Macho yalikuwa wazi, yakitazama kitu karibu na bega la mumewe, na upande wa kushoto wa uso, ule uliokuwa mzima, ulikuwa umelegea kidogo. Muuguzi alikuja, akampima presha, akasema kimepita kiharusi kingine, kidogo, na kwamba wangoje waone. Waliona. Aliweza kula tena baada ya siku tatu. "Ndiyo" haikurudi, wala "maji". Mtu akiingia mlangoni hakugeuka.

Wiki ya kwanza ya Agosti simu ya Ochanda ililia akiwa ananoa fyekeo. Alikuwa Purity. Alisema uwanja wa chuo kimoja umejaa maji na hauchezeki, kwamba amewaomba waje Rianyanga badala yake, na kwamba haikuwa rahisi lakini wamekubali. Jumatano, saa tisa.

"Nilikumbuka ulichoniambia, mzee wangu," alisema. "Mama anaendeleaje?"

Ochanda alilitazama fyekeo mkononi. "Yupo," alisema. "Asante sana."

Habari zilienea kabla ya jua kutua. Jumatano masomo yalikwisha mapema, na watu walijaa pembeni kuliko Ochanda alivyowahi kuwaona, wanafunzi, wauza maziwa, wanawake wa sokoni na watoto wao. Abdi alifunga duka, akaja na ngoma mbili. Ochanda alichora tangu asubuhi. Mtu wa stoo mwenyewe alimletea mfuko mzima wa chokaa, akauacha kando ya vigingi. Mistari ilinyooka kuliko siku yoyote. Wapishi walimleta Aketch, wakamfunika blanketi, na safari hii hawakurudi jikoni.

Rianyanga walifunga dakika ya ishirini na mbili. Mpira ulitoka winga ya kulia, mbele kabisa ya kiti chake, ukapigwa kichwa ukaingia. Kelele ilipanda, ngoma zikapigwa, kisha, kana kwamba wameambiana, watu walianza kunyamaza. Waligeuka mmoja mmoja. Wachezaji waliokuwa wamekumbatiana karibu na kona waligeuka pia. Abdi aliinua mkono ngoma zikakoma. Wote walimtazama Aketch.

Alikuwa akitazama mkono wake juu ya blanketi. Upepo ulimfungua leso ya kichwa, na hakuigusa.

Ochanda aliinama, akamwambia sikioni, kwa Kijaluo, kwamba wamefunga. Kwamba wamecheza nyumbani. Alingoja. Aliisikia pumzi yake, nyepesi, ya kawaida. Mtu mmoja upande wa pili akasema kwa sauti ya chini, peleka mbele, wa pili akaitikia, lakini haikushika, ikafa. Refa alipiga filimbi na mpira ukaanzishwa. Abdi aliiweka ngoma chini, akasimama amewapa mgongo watu, mikono mfukoni, na hata bao la pili lilipoingia hakugeuka.

Mechi ilikwisha mbili bila. Watu walimpitia Ochanda wakamshika bega, wengine wakampa mkono, na hakuna aliyezungumzia ratiba tena. Alifungua nyavu, akazikunja. Aling'oa vibendera. Wapishi walisema watampeleka Aketch ndani kwa sababu ya baridi, na Ochanda akawaambia wamwache kidogo, atakuja naye.

Wachezaji wa ugenini walikuwa wamesimama kando ya basi lao, miguu imejaa udongo mwekundu hadi magotini, hawajui maji yako wapi. Nahodha wao alimjia, akamuuliza kwa adabu. Ochanda aliwaonyesha bomba nyuma ya stoo. Kisha, walipokuwa wanasukumana kwenye ndoo moja, akauleta mpira wa maji, akaufunga kwenye bomba, akafungulia.

Walipanga mstari. Ochanda aliwamwagia mmoja mmoja, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, akiwangoja wasugue. Nyuma yake Aketch alikuwa kwenye kiti chake, blanketi limemfika kifuani. Maji mekundu yaliteremka polepole kwenye nyasi. "Asante, mzee," alisema aliyemaliza, na mwingine akasogea, akashika ukuta, akainua mguu.