Giaboksi ya Bwana Mipaka

Saa nne kasoro dakika chache fundi aliliacha gari lingurume uwanjani mwa gereji mpaka injini ikapata moto, kisha akachomoa stiki ya oili ya giaboksi, akaifuta kwa kitambaa cheupe, akaichovya, akaichomoa tena. Oili ilikuwa nyekundu, safi, kipimo sawasawa. Aliinusa. Haikunuka kuungua. Hilo halikumfurahisha, maana gari la oto lenye umri wa miaka ishirini na mbili, ambalo gia zake zinateleza, hutarajiwa kuwa na oili nyeusi inayokera pua.

Gari lilikuwa la jirani wa mama yake mkubwa, mpima ardhi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mipaka. Alikuwa amelileta asubuhi na kuurusha ufunguo juu ya benchi, ingawa mkono wa fundi ulikuwa umeshanyooshwa.

"Linapiga kelele tu, haliendi," alisema. "Wewe binti, kazi hii ulisomea wapi?"

"Nilijifunza mwenyewe, mzee."

"Inaonekana."

Fundi aliandika kwenye daftari: kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inapanda, mwendo haupandi. Hakuwa mtu wa kukimbilia kusema giaboksi imekufa. Petroli inaliwa, injini inazunguka, magurudumu hayapati kitu. Basi nguvu inakwenda wapi?

Akakanyaga breki mpaka mwisho, akaweka D ya kwenda mbele, akakandamiza mafuta kwa sekunde tano, si zaidi, maana ukizidisha unaiunguza giaboksi. Mshale wa mizunguko ya injini ukaruka. Ilikuwa saa nne na robo. Simu ikalia.

"Mwanangu," alisema mama mkubwa, "ukuta wa jirani umekuja tena. Umeangusha kamba yangu ya nguo."

Ukuta huo ulikuwa na mwaka mzima ukija. Uani kwa mama mkubwa palikuwa na hatua kumi na mbili, zikabaki nne. Alipokwenda kulalamika, afisa wa ardhi alimwambia kwamba uzee hupunguza ua.

"Umekuja kiasi gani?" fundi aliuliza.

"Shubiri. Nimeupima sasa hivi."

"Usikate simu."

Akakanyaga tena sekunde tano.

"Shubiri nyingine," alisema mama mkubwa. "Na nyumba inaufuata, na maua yake barazani."

Fundi akarudia mara ya tatu, kwa kuwa mara mbili si kipimo, akaandika. Kisha, ili asimdhulumu mtu kwa ajili ya majaribio, akaweka R ya kurudi nyuma.

"Umerudi," mama mkubwa akasema. "Shubiri ileile. Nasikia unavyokanyaga. Haya, endelea mwanangu, mimi nishavuta kigoda."

Akaendelea, akiipumzisha giaboksi ipoe kila baada ya muda. Ilipofika saa saba ukuta ulikuwa umerudi hatua tatu, na mama mkubwa alikuwa anafagia udongo ambao hakuwa ameuona tangu mwaka uliopita. Hapo ndipo Bwana Mipaka alipofika kwa miguu, amekunja uso, kwa sababu alikuwa amekaa sebuleni kwake na sebule ilikuwa inarudi nyuma.

"Gari lina nini?"

"Nguvu inayoteleza inasukuma nyumba yako, mzee. Ukienda mbele inaingia kwa mama mkubwa, ukirudi nyuma inatoka. Nikibadilisha klachi za ndani itakoma."

Hakushangaa. Alikuwa mtu wa vipimo.

"Shubiri moja kwa sekunde tano?"

"Ndiyo."

"Kwa kukanyaga sana, au hata kidogo?"

"Sana."

Macho yake yakalainika kama ya mtu anayesomewa wasia na kusikia jina lake.

"Usiguse kitu. Niandikie hayo yote, upige na mhuri."

"Mzee, ukiendelea atabaki na jiko na chumba kimoja."

"Ajibane. Mtu mmoja, nafasi yote hiyo ya nini?"

Fundi aliandika kila kitu, sekunde na shubiri, mbele na nyuma, akiamini kwamba karatasi ya kweli itamuumbua. Lilikuwa kosa la mtu aliyejifunza peke yake kwa vitabu: alidhani kila anayesoma anasoma ili ajue.

Afisa wa ardhi aliwahi kufundishwa kazi na Bwana Mipaka, na mpaka leo wakikutana humbebea mkoba. Alipoletewa ripoti na mzee huyo aliisoma mara mbili, akaja kwa mama mkubwa na futi kamba, akapima mbele ya fundi.

"Hakuna mtu aliyehamisha mpaka," alisema. "Nyumba imekwenda yenyewe kwa hitilafu ya gari, na hitilafu haishitakiwi. Bikoni za mpaka zitaufuata ukuta." Akamgeukia fundi. "Ripoti yako nzuri sana, dada. Imeturahisishia."

"Na akirudi nyuma, bikoni zitarudi?"

"Akirudi kwa hiari yake, kwa nini zisirudi?"

Fundi, ambaye hakuwa mwepesi wa kuhukumu watu, aliviangalia viatu vya afisa vilivyong'arishwa, akaviangalia kwa muda, akahukumu.

Wiki hiyohiyo Bwana Mipaka alibomoa ukuta wa upande wa pili akaweka geti jingine, ili aingie kwa hili na kutokea kwa lile. Tangu hapo hajarudi nyuma hata hatua moja. Akibanwa na magari sokoni hukaa ndani, vioo vimefungwa, mpaka wa mbele aondoke. Kila siku huzunguka mtaani bila safari yoyote, shingo imenyooka, mguu mzito, akisalimia watu kwa vidole viwili, na injini hulia kwa uchungu wa kubeba nyumba nzima.

Fundi humtembelea mama mkubwa kila Jumapili. Ua umekwisha na jiko limebaki nusu. Injini ikianza kulia upande wa pili, mama mkubwa husimama, huinua sufuria na jiko la mkaa, hupiga hatua moja nyuma, hukaa.

"Leo kakanyaga sana," husema, na kuendelea kukoroga.