Glasi Chini ya Benchi

Yakubu alimwomba binamu yake Karima aujaribu mchezo wa kompyuta aliotengeneza mwaka mzima. Ulikuwa mchezo wa upelelezi: seremala ameuawa, nawe unabofya kitu kimoja kimoja ukimtafuta muuaji.

"Bofya kila kitu," alisema, akatoka kununua mikate.

Karima aliitambua karakana ya seremala mara moja. Ilikuwa ya baba yake, Aboubakar, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Hilo halikumshtua, kwani Yakubu alijifunza kazi humo. Alibofya msumeno, kisha kalenda, kisha chini ya benchi. Glasi yenye mashapo ya chai ikatokea, na maandishi: *Glasi ya pili. Marehemu alikuwa na mgeni.*

Mkono wake ukasimama.

Siku ile yeye ndiye aliyemkuta baba sakafuni. Glasi moja ilikuwa mezani, nyingine imebingirikia chini ya benchi. Kwa kuogopa maneno ya watu, aliziosha zote kabla majirani hawajaingia, asimwambie mtu, hata mama yake. Daktari alisema ni moyo. Lakini Karima hakuacha kujiuliza ni nani aliyekunywa chai akaondoka kimya. Yakubu alisema siku ile alikuwa safarini Bengamisa kununua mbao.

Yakubu aliporudi na mikate, Karima alikuwa amesimama mlangoni.

"Siku ile ulirudi kutoka Bengamisa saa ngapi?"

"Magaribi. Kwa nini?"

Akamwonyesha glasi kwenye kioo cha kompyuta.

"Bon, ni mchezo tu, Karima."

"Ile verre niliitoa mimi, peke yangu. Nani alikuambia? Ulimutilia nini mu chai?"

"Hapana!" Yakubu aliketi. "Sikuenda Bengamisa. Nilikuja kumuambia tonton, baba yako, kama naacha mbao, nataka kazi ya ordinateur, kutengeneza michezo. Alikasirika, akasimama, akaanguka. Nikasema watu watasema ni mimi. Nikakimbia."

"Alikuwa anapumua?"

Yakubu aliiweka mikate mezani. Pikipiki zilipita nje.

"Alikuwa anapumua."

Karima hakujua aamini lipi, kama ni moyo au ni chai. Alimpeleka kwa mama yake, Kadidja, mchana uleule, akimtanguliza ili asiache kuiona mikono yake. Kadidja alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, uani. Alisikiliza yote, majani yakiwa magotini.

"Alisema kitu?"

"Aliita jina yako, mama."

Kadidja aliingia ndani, akajifungia. Alipotoka jua lilikuwa limelegea.

"Karima, kesho utamupeleka kwenye kaburi ya baba yako, aombe musamaha. Mimi siwezi kumutazama."

Walienda asubuhi. Yakubu alipiga magoti, akamwomba mjomba wake msamaha kwa sauti, akalia hadi mabega yakatetemeka. Karima, aliyesimama nyuma, hakulia. Alijikuta amesogea kando hatua mbili, apate kumwona uso, ajue kama machozi yale ni ya kweli.