Kopo la Miiba

"Mama Hosea, hivi siku hizi mkoba wa wakufunzi anafunga nani?"

Severina, jirani yangu, aliniuliza hivyo tukitoka sala ya jumuiya, sauti tamu kama ya mtu anayejulia hali. Alijua. Misigiri nzima ilijua. Nikamjibu, "Anafunga Dina," nikaongeza mwendo.

Miaka sita, tangu tumzike mume wangu, mkoba ule niliufunga mimi. Kazi yangu pale kituo cha walimu ni usafi, lakini Mwalimu Nathan, mkuu wa wakufunzi, aliniona nina mpangilio akanikabidhi. Wakienda vijijini kufundisha walimu wenzao, mimi ndiye niliyepanga vifaa: karatasi za manila za mabango zimeviringishwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, mkasi ndani ya soksi usitoboe mkoba, chaki kwenye kopo la maziwa zisisagike njiani. Niliishia darasa la saba, lakini gari la walimu lilikuwa haliondoki mpaka mimi niseme tayari.

Ndipo akaja Dina. Kamaliza kidato cha nne, kucha ndefu, anacheka na kila mtu. Akachapa orodha ya vifaa kwenye kompyuta, akaibandika mlangoni. Mwalimu Nathan akaisoma akasema, "Hii safi kabisa. Mama, sasa pumzika."

Nani alimwambia nimechoka?

Nikabaki na ufagio na macho yangu. Nikisali rozari, midomo iko kwa Bikira Maria, moyo unahesabu kalamu za maka peni kwenye mkoba wa Dina.

Jumatano nilikuwa napiga deki, yeye akifunga mkoba wa safari ya Mkalama. Alipanga vizuri, lazima niseme kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Gundi, mkasi, selotepu mpya tatu. Kitu kimoja tu hakikuwamo: kopo langu la miiba ya mgunga. Shule wanazokwenda kule kuta ni za udongo uliopakwa chokaa. Selotepu inabandua chokaa, bango linaanguka. Mwiba unazama ukutani kama pini. Lakini siku ile Dina alipopewa mkoba, kopo nilikuwa nimelisogeza nyuma ya pazia la dirisha.

"Shikamoo, mama. Eti kuna kitu nimesahau?"

"Marahaba. Si una orodha? Soma, mwanangu, wewe uliyesoma."

Akacheka, akadhani ni utani. Akafunga zipu.

Walirudi Jumamosi mchana. Mwalimu Nathan hata hakukaa.

"Mabango yameanguka siku mbili nzima! Dina kasimama kashikilia karatasi kama mlingoti wa bendera, walimu wanamcheka. Mama, wewe ulipokuwa ukienda nasi ulikuwa unayabandikaje?"

Nikavuta pazia, nikachukua kopo, nikaliweka mezani. Sitaficha, moyo ulinidunda kwa furaha.

"Ehee! Ndiyo hii miiba!" akasema. "Basi mkoba urudi kwa mama. Na wewe Dina, si ungeuliza tu?"

Dina alikuwa ananitazama. Kwenye mikono ya gauni lake chokaa ilikuwa bado imeganda.

"Niliuliza," akasema polepole.

Mwalimu akanigeukia. "Alikuuliza, mama?"

Mkoba ulikuwa pale mezani, karibu na mkono wangu. Ningesema hapana, ungekuwa wangu. Kati yangu na msichana wa juzi, wangemwamini nani? Nikaingiza mkono mfukoni, nikaigusa rozari yangu, nikaona haya kuishika.

"Aliniuliza," nikasema. "Nikamnyima. Kopo nililificha mimi, kwa wivu."

Mwalimu Nathan akaangalia sakafu, ile niliyoipiga deki asubuhi. Dina akachukua kalamu, akaenda mlangoni, akaandika chini ya orodha yake: miiba. Akarudi mezani, akalitia kopo kwenye mfuko wa pembeni, palepale nilipokuwa naliweka mimi. Akafunga zipu, akautia mkoba begani, akatoka.