Kodrai ya Melania

Mwaka ule wakimbizi wa vita walipomiminika kutoka ng'ambo ya ziwa, kipindupindu nacho kilishuka Ujiji, na Melania, mke wa Feliksi fundi makochi wa Gungu, akafariki ndani ya siku moja. Wakubwa wa serikali wakakataza matanga. Maiti zitazikwa na watu wa afya wanaozimwagia chokaa, walisema, ndugu wakae mbali. Wao wenyewe walikuwa wanakunywa maji ya chupa.

Feliksi aliruhusiwa kutoa nguo ya kumfunika, basi. Akashika kitambaa cha kodrai, nyekundu yenye maua ya manjano, masalio ya kochi, akaunga vipande viwili huku mlinzi wa gari la maiti akimfokea. Kodrai ina manyoya: ukiyalaza yanang'aa, ukiyapandisha yanaingia giza. Kwa pupa akageuza kipande kimoja juu chini. Nusu ikawaka, nusu ikazima. Alipogundua, gari lilishaondoka.

Melania ndiye aliyemkagulia kazi siku zote, na mara nyingine alishika sindano mwenyewe. Akiona kosa, husema, "Baba, hii inarudi," na kuitupa kazi mapajani mwake.

Mwaka mmoja baadaye Honorata, mhudumu wa ofisi ya mkubwa mmoja, akaja na kiti kichwani na furushi la kitambaa mkononi.

"Shikamoo mzee. Bosi anataka kiti kivalishwe upya kabla ya Ijumaa."

"Marahaba. Makalio yake yamechoshwa na kazi gani?"

Honorata akacheka. Feliksi akakunjua kitambaa. Nyekundu. Maua ya manjano. Nusu inawaka, nusu imezima, na katikati mshono wake mwenyewe, ulioruka pale mlinzi alipomsukuma kiwiko.

"Mmemvua mke wangu!"

"Haki ya Mungu, mzee! Tulikikuta kimekunjwa juu ya kiti, na ofisi ilikuwa imefungwa. Bosi akasema ni zawadi ya mtu."

"Wezi hawakosi zawadi."

Akatia kitambaa begani, akachukua jembe, akapanda makaburini na jua la saa sita, hadi kaburi alilokuwa ameonyeshwa kwa mbali. Alitaka jambo moja tu: kujua kama Melania amelala amefunikwa. Akimkuta hana kitu, mkubwa yule atajibu mbele ya watu.

"Mzee, kaburi la kipindupindu halifukuliwi!" Honorata alimfuata akihema.

"Na maiti je, huvuliwa?"

Udongo ulikuwa laini, kama uliolimwa jana. Shimo lilipomfika kiunoni, jembe likagusa kitu chekundu. Akapiga magoti, akapangusa chokaa kwa kiganja. Ilikuwa kodrai nyingine, yenye maua yale yale, nzima, mchwa hawakuigusa. Akapapasa kutoka kichwani kwenda miguuni: iking'aa, iking'aa, iking'aa mpaka mwisho. Hakuna nusu iliyozima. Katikati palikuwa na mshono mpya wa hatua ndogo ndogo, na mwishoni uzi umefungwa mafundo matatu.

Feliksi hufunga mawili. Matatu ni ya Melania.

"Vipi, mzee?" Honorata aliita toka juu. "Wamemwibia?"

Feliksi akafungua mdomo aseme ndiyo. Mwaka mzima alikuwa akitafuta neno la kuwashtaki wakubwa. Upepo haukuwapo, lakini kitambaa cha begani kikateleza, kikaanguka mapajani mwake, upande ulioharibika ukiwa juu.

"Hapana," alisema. "Kazi yangu hii. Imerudi."