Kaunta Iliyoota Nywele

Siku ya kumi na tano ya mionzi, saa kumi na mbili asubuhi, mama alimkalisha binti yake kwenye kigoda cha wateja akaanza kumchana kwa vidole. Kitana alikiweka kando kwa sababu muuguzi alikikataza. Mama huyu ni msusi, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na vidole vyake vinajua kichwa kilichochoka na kichwa kinachodanganya. Nyuma kidogo ya sikio la kulia nywele zilimfuata mkononi bila kuvutwa. Zilikuja fungu zima, kama nyasi zilizopandwa juzi.

"Zimeanza?" binti akauliza.

"Chache tu."

"Mama, nahisi upepo."

Muuguzi alikuwa amewaeleza vizuri, tena mara mbili. Uvimbe uko nyuma ya sikio, kwa hiyo nywele zingedondoka pale mionzi inapoingia na pale inapotokea upande wa pili. Zingeweza kurudi baada ya miezi kadhaa, au zirudi za namna nyingine, au pengine zisirudi kabisa. Aoshe kichwa kwa maji vuguvugu, asipake mafuta kabla ya kuingia chumba cha mionzi, asibandike kitu kwa gundi, ajifunge kitambaa laini cha pamba. Kisha akawapa barua ya kupeleka kazini.

Binti alitaka kuipeleka asubuhi hiyo nywele zilipoanza kutoka. Yeye alikuwa mpokezi wa ofisi ya maji, akikaa nyuma ya kaunta ya mbao mlangoni, na kiti kile alikipata baada ya kuomba kazi mahali arobaini na mbili. Hakutaka kingine maishani ila abaki nacho.

"Nikimpa meneja barua mapema tutaelewana," alisema.

"Ukimpa barua umempa kisu na shingo," mama akajibu. "Ngoja dozi ziishe. Zimebaki kumi na sita. Kumi na sita ni nini?"

Kila mtu anaijua methali ya mficha maradhi. Mama naye aliijua, na majirani alikuwa akiwatolea bila kuombwa. Barua akaitia chini ya godoro lake. Akachagua wigi linalofanana na nywele za mwanzo, akalishona juu ya kofia ya pamba, akamwambia binti asiiname sana.

Meneja wa ofisi ya maji aliitwa na wafanyakazi wake Bwana Muonekano. Bomba likipasuka, yeye ni muonekano. Choo kikiziba, muonekano. Wiki ile alitangaza kwamba wakubwa wa makao makuu wangekuja Ijumaa, na kila asubuhi alisimama mbele ya kaunta akakitazama kichwa cha binti, kisha saa ya ukutani, kisha kichwa tena.

Binti alijitahidi asiiname. Lakini mpokezi wa ofisi ya maji anaandika malalamiko ya watu kutwa nzima, na malalamiko hayaandikwi shingo ikiwa imesimama. Nywele zilitoroka chini ya wigi mojamoja, zikaangukia kaunta. Jioni mfagizi, mama mtu mzima ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi, alizipangusa kwa kitambaa kibichi. Jumatano asubuhi alizikuta tena, safari hii zimesimama wima.

"Mwanangu," akamwambia binti, "hizi hazijaanguka. Hizi zimeshika."

Akavuta unywele mmoja ili amwoneshe. Binti akaruka kitini, mkono nyuma ya sikio.

"Pole mwanangu. Kumbe unasikia," Shangazi akasema, akaenda kubadilisha maji ya ndoo.

Siku ya Alhamisi zilikuwa na urefu wa kidole. Ziliota upande wa kulia wa kaunta, eneo la kiganja kimoja, na kiganja kingine upande wa kushoto, sawasawa na kichwani zilikotoka. Binti aliweka daftari la wageni juu ya kiganja kimoja na rundo la fomu juu ya kingine. Nyumbani akamweleza mama.

"Mama, hebu nitoe barua. Kesho wataona."

"Hawataona. Chukua mtandio wangu, ufunike meza yote. Ipite Ijumaa tu."

Mzazi mwenzangu mwenye mtoto aliyeanza mionzi, barua ya hospitali usiilalie. Godoro halisomi.

Ijumaa binti alipofika alikuta daftari limeinuliwa juu kama mkate uliojaa hamira. Nywele zilikuwa zimevuka ukingo wa kaunta, zinaning'inia upande wa wateja, nyeusi, nzito, zenye mng'ao aliokuwa nao binti kabla ya kuumwa. Akazifunika kwa mtandio. Kwenye saa nne wakubwa wakaingia, watatu. Meneja alipoona mtandio wa nyumbani juu ya meza ya ofisi, aliuvuta kwa hasira.

Mkubwa wa miwani akainama. Akapitisha vidole kwenye nywele polepole, kutoka juu hadi ncha. Nyuma ya kaunta, binti akang'ata mdomo.

"Hizi ni za nani?" mkubwa akauliza.

"Za kaunta," meneja akajibu.

"Ni zangu," binti akasema. Na kwa kuwa alikuwa amechoka kukaza shingo siku tano, akalivua wigi akaliweka mezani.

Mkubwa akakitazama kichwa, akatazama kaunta, akarudi kwenye kichwa. Macho yakamaliza safari kwenye kaunta.

"Nzuri," akasema. "Mteja akifika anajisikia yuko kwa watu." Wakaenda kukagua matangi.

Shangazi ndiye aliyempigia mama simu. Mama alifika saa nane, barua mkononi, imekunjamana kwa kulaliwa. Meneja hakuifungua.

"Mama yangu, mimi sina ubaya na mwanao," alisema. "Lakini fikiria. Mtu maji hayajatoka kwake siku tisa, anaingia hapa anatoka povu, halafu anakutana na kichwa kile? Muonekano, mama."

"Nywele si zipo? Ziko hapo nje, ni za mwanangu. Ukivuta zile, anayeumia ni huyu."

"Kaunta ni mali ya ofisi. Kilichoota juu ya mali ya ofisi ni cha ofisi."

"Basi soma barua."

"Hii ingekuja wiki tatu nyuma, ningefanya mpango. Sasa naonekana nimedanganywa." Akaisukuma upande wa mama. "Halafu nasikia wewe ni msusi. Zile zisipotunzwa zitafungana. Jumamosi tunafungua nusu siku, unaweza kuja."

Binti akahamishiwa stoo, kati ya mabomba na mita mbovu. Simu ya mapokezi ilipitishwa kwenye tundu la ukuta, kwa kuwa sauti yake meneja hakuiona na kasoro. Kiti chake kilitolewa, kaunta ikabaki peke yake. Wateja waliizoea haraka kuliko walivyowahi kumzoea binti. Walizishika wakisubiri, wakazisokota vidoleni, mtoto mmoja akazitia mdomoni. Wenye hasira walizivuta.

Jumamosi ya kwanza mama alikwenda na mkasi.

"Leo nazinyoa zote," alimwambia binti mlangoni pa stoo. "Ibaki mbao tupu. Wakuone wewe, wapende wasipende."

"Ukiinyoa, kaunta itakuwa na kipara, na wataileta huku," binti akasema. "Tutabanana, mama. Stoo yenyewe unaiona."

Wakacheka, hadi binti akaacha kucheka.

"Usizikate. Ndizo nilizo nazo."

Mama akarudisha mkasi mkobani. Akavuta kigoda mbele ya kaunta, akagawa nywele mafungu, akaanza kusuka bila kukaza, upande wa kulia kwanza. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Kila alipohamia fungu jingine, binti kule ndani aliinamisha kichwa chenye vipara viwili kwa upande ule, macho yamefumbwa, kama alivyofanya akiwa na miaka sita. Mama aliona, akaongeza mistari miwili isiyokuwa ya lazima.

Dozi ya thelathini iliisha siku ya Jumatatu. Picha iliyofuata ilionesha uvimbe umenywea, daktari akaridhika. Mwezi wa nne nywele zilichomoza nyuma ya sikio la kulia, laini kama ndevu za mahindi, na rangi ya ndevu hizohizo. Upande wa kushoto hazikurudi. Binti alikwenda kwa meneja na kichwa chake wazi. Meneja alizunguka akamtazama nyuma na mbele.

"Zinakuja," alisema. "Zikifika pale zilipokuwa, tutazungumza."

Kwenye kalenda ya mwaka uliofuata, ofisi ya maji iliweka picha ya kaunta ikiwa imesukwa mistari minane. Chini yake pameandikwa: Mapokezi Yetu.

Mama bado anakwenda kila Jumamosi. Amejaribu barua nyingine tatu, mbili za hospitali na moja aliyoiandika mwenyewe, na zote zimepokelewa kwenye kaunta. Jumatatu asubuhi ndiyo ngumu kuliko siku zote, maana foleni huwa ndefu na maji huwa hayajatoka tangu Ijumaa. Jumatatu iliyopita bwana mmoja alishika mistari miwili, mmoja kila mkono, akaikaza kama hatamu, akapaza sauti kwamba haondoki mpaka apate mtu wa kumsikiliza. Upande wa pili wa ukuta simu ikalia. Binti akashika rafu kwa mkono wa kushoto, akangoja maumivu yapungue kidogo, akainua simu kwa mkono wa kulia.

"Ofisi ya maji, mapokezi," akasema. "Nikusaidie nini?"