Petro wa Mwangangi

Muthoki alifungua sanduku la mmishonari akiwa ameziba pua kwa leso, na bado harufu ya mkojo wa panya ilimfika kooni. Tangu Mzungu yule aondoke Tawa, vikaragosi vyake vya nyuzi vilikuwa vimetupwa stoo ya kanisa miaka kumi na mitano, chakula cha kila chenye meno. Leo vinauzwa. Mzee wa kanisa, Nzioka, alimwahidi Muthoki kwamba akilitambua karagosi la Mtume Petro lililochongwa na marehemu baba yake, Mwangangi, atapewa bure. Hakuwa na kitu kingine cha baba, hata picha.

Mnunuzi, Bwana Ng'ang'a wa Salama, alikuwa na ujuzi wake, na ujuzi wenyewe ulikuwa wa kutapisha. Kila karagosi alililamba shingoni. Ulimi ukinata, alieleza, kichwa ni unga wa mbao na gundi, kazi ya kiwanda. Usiponata, ni mti mtupu. Viungo vya waya ni vya Ulaya. Alilamba vumbi na mavi ya panya, akapangusa ulimi kwa mkono wa shati, akaendelea. Muthoki aligeuza uso asitapike.

Petro hakuonekana. Likabaki karagosi moja, uso mzima umegandwa na ukoko wa manjano. Hilo hata Ng'ang'a hakulilamba. Viungo vyake vilifungwa kwa ngozi ya mbuzi.

"Hii ilichongwa hapa hapa," alisema Ng'ang'a.

Nzioka alicheka. "Huyo ni Shetani. Si unakumbuka, Muthoki? Watoto wa Sande skuli mlikuwa mnapanga laini mnamtemea mate."

Alikumbuka. Ukoko ule ulikuwa mate, na mengine yalikuwa yake. Alikwangua mdomo wa karagosi kwa ukucha, meno yakatokea: ya mbele, yamechongwa ncha, kama Wakamba wa rika la baba walivyochonga yao ili wapendeze. Mwangangi alimpa Petro meno kama yake mwenyewe, na Mzungu alipoyaona akaona Shetani.

Kila Jumapili baba aliketi benchi la nyuma, mdomo umefumbwa, hata wakati wa nyimbo. Muthoki alidhani ni mtu wa maneno machache tu.

Nzioka alimuuliza kama amelikosa karagosi la baba yake.

"Ni hii," Muthoki alisema. "Na mimi nilikuwa wa kwanza kwa laini."