Gari Kama Lilivyotoka Wakala

"Fungua buti," alisema Muatasim, mkaguzi wa mbio, na Amur akalifungua tena buti ambalo alikwisha kulifungua.

Ndani mlikuwa na jeki, tairi la akiba, dumu la maji na mkeka wa mama yake. Muatasim aliunyanyua mkeka kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta panya, akaurudisha. Nyuma foleni ya magari ilikuwa imesimama juani, na vumbi la Bidiya, huko Oman, liliingia kila penye tundu. Ilikuwa bado asubuhi na Amur alikwisha choka.

Mbio hizo za magari zilibuniwa na klabu ya vijana wa hapo, waliochoshwa na kupandisha forwili kwenye vilima vya mchanga. Walitaka kitu cha kale. Tangu watu walipofika, kipaza sauti kilikuwa kikiwaeleza kwamba Marekani ya zamani, kabla hayajaja magari ya kuundwa maalumu, watu walishindana kwa magari yale yale waliyoendea kazini na sokoni. Lililokuleta ndilo uliloingia nalo uwanjani, na likibaki zima ndilo lililokurudisha nyumbani. Kwa hiyo sharti lilikuwa moja: gari liwe wakala, yaani kama lilivyotoka dukani, lisiongezwe kitu wala lisipunguzwe.

Amur hakuwa na haja na Marekani wala na zamani. Haja yake ilikuwa zawadi. Kampuni iliyodhamini mbio ilitangaza kwamba mshindi ataajiriwa kuwa dereva wa kujaribu magari, kazi ya kudumu, yenye mshahara na bima. Yeye tangu amalize chuo cha ufundi alikuwa mtafuta kazi. Ndivyo alivyoandikwa kwenye mtandao wa serikali, mtafuta kazi, kama wengine wanavyoandikwa mwalimu au mhandisi. Kila alfajiri aliwachukua waalimu mjini Ibra akawapeleka Ashkhara kwa Kaprisi, gari kuukuu la Kimarekani la mama yake, kila alasiri akawarudisha, na nyumba nzima iliishi kwa safari hiyo. Siku Kaprisi itakapokufa, hakujua wangekula nini.

Mama yake, Bi Ghaniya, alikuwa amekaa kiti cha mbele, fimbo mapajani. Hakuja kwa kupenda. Gari lilikuwa kwa jina lake, na klabu ilishikilia kwamba mwenye gari lazima awepo, hata kama mwenye gari ni bibi wa magoti mabovu.

"Hiki nini?" Muatasim aliuliza. Alikuwa ameshika kishikio cha chuma kilichochomewa kando ya mlango wa mbele. Chini yake palikuwa na kibati cha kukanyagia.

"Cha mama," Amur alisema. "Bila hicho hapandi gari."

"Wakala haikutoka nacho."

"Ndugu yangu, hicho hakiliongezei gari mbio. Kinaliongezea uzito tu."

"Sharti ni sharti. Ukitaka kuingia, kata."

Gari lililowatangulia lilikuwa la kijana aitwaye Saud, jekundu, jipya, na lilinguruma namna ambayo hakuna gari la dukani linalonguruma. Foleni nzima ilisikia. Lakini ami yake Saud ndiye aliyetoa mahema na chakula, na Muatasim alikuwa amempungia Saud mkono apite, boneti haikuguswa.

"La Saud mbona hukulifungua?"

"La Saud nalijua," alisema Muatasim, kisha akainama dirishani. Bibi yake alizaliwa Unguja, na Kiswahili cha nyumbani alikuwa nacho, kilichopinda kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Khattab."

"Eh, wa Khattab. Bibi yako namjua. Yeye hupandaje gari siku hizi?"

Muatasim aliona haya. "Si mimi, mama, wallahi. Hii sheria ya lajna. Kamati. Mimi natumwa tu."

Bi Ghaniya alizaliwa Tabora, akarudi Oman na wazee wake akiwa msichana, na maisha yake yote alikuwa akikutana na watu waliotumwa tu.

"Kata, Amur."

"Mama, utapandaje kurudi?"

"Nimesema kata. Ukipata kazi utanichomea kingine."

Mama akakishika kishikio kwa mara ya mwisho, akateremka akiguna, akasimama na fimbo yake pembeni. Fundi wa klabu alileta grainda. Cheche ziliruka, chuma kikaanguka mchangani, na Amur alijiona mtu duni kwa kusimama tu akitazama.

Uwanja ulikuwa kiwanja cha changarawe kilichozungushiwa matairi. Magari yalipoachiwa, Saud aliruka mbele kwa nguvu ambazo hakuna wakala aliyewahi kumuuzia mtu. Lakini changarawe haikumjua. Kila kona alitereza, akatoka nje ya njia, akarudi kwa kulazimisha. Amur alikuwa amezoea njia mbovu na abiria wanaolalamika wakirushwa, kwa hiyo alijua kulilaza gari kwenye kona bila kulishtua. Kaprisi ilikwenda nzito, imetulia, mkia ukiseleleka kidogo tu. Kwenye mzunguko wa mwisho Saud aligonga matairi, na Amur akampita upande wa ndani, akavuka mstari akiwa wa kwanza. Watu walipiga honi. Alilia kidogo mle ndani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimwona.

Aliposhuka, Muatasim alikuwa amechutama kando ya mlango, anapapasa lile kovu la grainda. Nyuma yake walisimama jamaa wa Saud.

"Wametoa malalamiko," alisema bila kumtazama. "Gari yako imepunguzwa chuma. Kuongeza ni kubadilisha, na kupunguza pia ni kubadilisha."

"Wewe ndiye uliyeniambia nikate."

"Nilikwambia ukitaka kuingia. Umeingia. Kushinda ni jambo jingine." Akaongeza, kama anayetoa pole, "Hata Marekani ilikuwa hivyo. Zamani huko mtu kafika wa kwanza, wakamnyang'anya ushindi, eti springi zake zilikazwa."

"Yule alikaza springi ili akimbie," alisema Bi Ghaniya, aliyekuwa amefika kwa fimbo yake. "Huyu aliweka chuma mamake apande. Hamwoni tofauti?"

Kipaza sauti kilitangaza kwamba mshindi ni Saud, ambaye kazi alikuwa nayo tayari, ofisini kwa ami yake. Amur akafungua mlango wa mama yake. Bi Ghaniya alitazama kiti, akatazama pale palipokuwa na kishikio, akageuka akaenda zake.

Alikwenda hadi hema kubwa, akapanda zulia, akakaa kwenye kiti cha mikono ya dhahabu kilichowekwa katikati.

"Mama," alisema Muatasim akimkimbilia, "hii kiti ya mgeni rasmi."

"Nimechoka, mwanangu. Gari langu halipandiki."

Gari la mgeni rasmi lilikuwa limekwisha simama. Mwenyewe akateremka, na kamati nzima ikasimama ikitazamana. Hakuna mwanamume pale aliyeweza kumshika mkono mama wa watu akamwinua. Muatasim alimvuta Amur kando, jasho likimtoka.

"Wewe mwanawe, wewe tu unaruhusiwa kumshika. Mtoe. Nitasema na kampuni, mwakani tutakufikiria, inshallah."

Asubuhi nzima Amur alikuwa amefungua alipoambiwa fungua na kukata alipoambiwa kata. Alimtazama Muatasim, akamtazama mama yake, kisha akapita mbele ya wakubwa wote, akachukua dalla, birika la kahawa lililoandaliwa kwa ajili ya mgeni, akammiminia mama yake.

Mgeni rasmi alibaki amesimama. Bi Ghaniya alikunywa bila haraka, akamrudishia mwanawe kikombe. Aliyetosheka hukitikisa kikombe anapokirudisha, na hilo halikuhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote mle hemani. Yeye hakukitikisa, na Amur akammiminia tena.